HAPA NI WAPI? Namna ya kutambua picha ya zamani ya uwanja wa besiboli ilipigiwa wapi



Mdau mmoja aliyeko Marekani kaniuliza swali ambalo nimeona nilijibu hapa hapa ili liwafae na wengine. Ana picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya uwanja wa besiboli. Kainunua kwenye meza ya vitu vikuukuu. Nyuma hakuna jina la mji, hakuna mwaka. Anauliza: nitajuaje hapa ni wapi?

Picha za viwanja vya kale vya Marekani nimezifuatilia kwa muda mrefu, kwa hiyo nitaandika ninavyofanya mwenyewe, hatua kwa hatua. Wengine mtasema besiboli inatuhusu nini. Subirini, mtaona. Njia hizi hizi unaweza kuzitumia kwa picha yoyote ya zamani, hata ile iliyomo kwenye kabati la bibi yako.

Kanuni yangu ni hii: amini kwanza kile ambacho hakiwezi kuhama. Wachezaji husafiri, jezi huvaliwa popote, mabango hubandikwa na kubanduliwa, na maelezo ya nyuma ya picha mara nyingi yameandikwa na mtu ambaye hakuwepo. Kilima, jua, reli na nyumba ya jirani aliyekataa kuuza kiwanja chake hubaki pale pale.

UWANJA WENYEWE UKOJE

Kwa ambaye hajawahi kuuona: uwanja wa besiboli umekaa kama kipande cha pai. Kwenye ncha ndipo anaposimama mpigaji, penye kibao kinachoitwa nyumbani. Kuanzia hapo mistari miwili inatanuka kwenda kulia na kushoto. Ndani yake kuna mraba uliosimama kwa pembe, ambao wenyewe huuita almasi, wenye besi kila kona, na kila upande una mita 27.43. Katikati kuna kichuguu cha mrushaji. Tangu 1893 mrushaji husimama mita 18.44 kutoka nyumbani, na vipimo hivyo havijabadilika mpaka leo. Mlioko Dar es Salaam mnaweza kwenda kuona umbo hili kwa macho yenu pale Shule ya Sekondari Azania, kwenye uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani.

Sasa tia hili akilini, maana ndilo linalotusaidia: almasi ni ile ile kila mahali, ila uzio wa nje hauna kipimo kimoja. Zamani viwanja vilibanwa katikati ya mitaa, na uzio ulifuata barabara ilipopita. Kwa hiyo kila uwanja ulikuwa na sura yake, kama uso wa mtu.

ANZA NA LINI KABLA YA WAPI

Ukijua mwaka, viwanja vingi vinajiondoa vyenyewe kwenye orodha yako. Chukua kioo cha kukuzia, au skani picha kwa ukubwa wa kutosha, kisha tafuta haya:

1. Kibao cha nyumbani. Kikiwa mraba, huenda ni kabla ya 1900. Mwaka huo ligi ilianza kutumia chenye pembe tano.

2. Jukwaa. Majukwaa ya zamani yalikuwa ya mbao, na yaliungua kama vibiriti. Shibe Park ya Philadelphia, iliyofunguliwa Aprili 1909, ndio uwanja wa kwanza wa ligi kuu uliojengwa kwa chuma na zege. Ukiona jukwaa la zege la ghorofa mbili, usitafute karne ya 19.

3. Bendera. Kama inaonekana vizuri, hesabu nyota. Bendera ya Marekani ilikuwa na nyota 45 kuanzia 1896, ikawa na 46 mwaka 1908, na 48 kuanzia 1912 hadi 1959.

4. Namba mgongoni. Yankees walianza kuzivaa 1929, na kufikia katikati ya miaka ya 1930 timu zote za ligi kuu zilikuwa nazo.

5. Nguzo za taa. Mechi ya kwanza ya usiku ya ligi kuu ilichezwa Crosley Field, Cincinnati, tarehe 24 Mei 1935. Lakini angalia: Kansas City Monarchs, timu ya wachezaji weusi, walikuwa wakizunguka na taa zao juu ya malori tangu 1930. Kwa hiyo taa peke yake isikufanye useme ni baada ya 1935.

Kabla ya yote hayo hakikisha picha haijageuzwa. Negativu za kioo zilikuwa rahisi kuchapwa kinyume, kulia kukawa kushoto. Soma herufi za mabango. Kama hakuna herufi, tazama vifungo vya shati la mwanamume, ambavyo kwa kawaida hushonwa upande wake wa kulia. Ukitafuta uwanja kwa picha iliyogeuzwa utatafuta mpaka uzeeke.

JEZI HUDANGANYA

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu anaona jina la timu kifuani, anakurupuka: "Ahaa, Giants, basi ni Polo Grounds, New York!" Kwa desturi timu mwenyeji huvaa nyeupe na mgeni kijivu, na hiyo ni dalili nzuri. Bado haitoshi.

Chukua mfano huu. Tarehe 14 Aprili 1911 jukwaa la Polo Grounds liliungua. Giants wakaazimwa uwanja na jirani zao, timu ambayo baadaye ilijulikana rasmi kama Yankees. Uwanja huo uliitwa Hilltop Park, nao ulikuwa juu kilimani, mtaa wa 168. Giants walicheza hapo mpaka Polo Grounds ilipofunguliwa tena tarehe 28 Juni, ujenzi ukiwa bado unaendelea. Maana yake ni kwamba picha ya Giants wakiwa na jezi nyeupe mwezi Mei 1911 imepigwa nyumbani kwa mtu mwingine! Kisha mambo yakageuka: kuanzia 1913 hadi 1922 Yankees nao walikuwa wapangaji Polo Grounds. Yaani jezi moja, viwanja vitatu, kutegemea mwaka.

Mabango nayo yana ujanja wake. Miaka ya 1910 tumbaku ya Bull Durham ilitundika fahali mkubwa kwenye nyua za viwanja vingi sana, na mpigaji aliyemgonga fahali huyo kwa mpira alilipwa dola 50. Ukiona fahali unajua zaidi kipindi kuliko mahali. Lakini bango la duka la mtaani ni hazina. Muuza nguo Abe Stark wa Brooklyn aliweka bango chini ya ubao wa matokeo pale Ebbets Field, akiahidi suti kwa atakayeligonga. Bango hilo likionekana, kazi imekwisha. Ndiyo maana nashauri usome kwanza maandishi madogo, anwani na namba za simu, hasa tangazo la fundi viatu au la muuza makaa. Biashara kubwa hujitangaza nchi nzima. Fundi viatu hujitangaza pale wateja wake wanapoishi.

SOMA JUA

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Kabla ya taa mechi zilichezwa alasiri. Ili jua lisimchome mpigaji machoni, sheria za mchezo zilikuwa zikipendekeza mstari kutoka nyumbani kupita kwa mrushaji hadi besi ya pili uelekee mashariki-kaskazini-mashariki. Haikuwa lazima, na viwanja kadhaa vilikiuka, lakini ndiyo ilikuwa kawaida.

Kwa hiyo kwenye uwanja wa kawaida, alasiri, kivuli cha mdakaji kinalala kuelekea kwa mrushaji. Kadiri muda unavyokwenda kivuli cha jukwaa nacho kinatambaa kuingia uwanjani. Ukikuta vivuli vimelala upande mwingine kabisa, ama uwanja huo umekaa kinyume, na hapo orodha yako inapungua sana, ama picha imegeuzwa.

Sisi wa karibu na Ikweta tujihadhari hapa. Tumezoea jua linalopita utosini, mwezi wa sita likiwa kaskazini na mwezi wa kumi na mbili kusini. New York, Boston au Pittsburgh siyo hivyo: adhuhuri jua liko kusini mwaka mzima, na kivuli kinaelekea kaskazini. Urefu wake pia unasema kitu. Mwishoni mwa Juni jua la adhuhuri New York hupanda nyuzi kama 73, kivuli kinakuwa kifupi. Mwanzoni mwa Oktoba, Boston, halizidi nyuzi 44 hivi, maana yake kivuli cha mtu ni kirefu kuliko mtu mwenyewe siku nzima. Mtu akikuletea picha yenye vivuli vifupi na kusema ni fainali ya kwanza ya ligi mbili kuu, ile ya Oktoba 1903 iliyoanzia Huntington Avenue Grounds, Boston, mrudishie picha yake kwa heshima.

TAZAMA NYUMA YA UZIO

Baada ya hapo sahau mchezo kabisa. Funika wachezaji kwa karatasi, ubaki na kingo za picha: minara ya makanisa, mabomba ya moshi ya viwanda, matangi ya maji, njia ya reli, miinuko. Vinavyoonekana kama takataka za picha ndivyo vyenye jibu.

Polo Grounds ilikaa chini ya mwamba unaoitwa Coogan's Bluff. Umbo lake lilikuwa la kuvutika kama beseni la kuogea, uzio wa kulia ukiwa mita 79 tu kutoka nyumbani. Baada ya 1911 ukingo wa ghorofa yake ulipambwa kwa nakshi, na juu ya paa zikawekwa ngao za timu za ligi. Uwanja ulibomolewa 1964, sasa kuna majengo ya kuishi, lakini ngazi ya John T. Brush iliyojengwa 1913 kuteremka mwamba huo ipo hadi leo.

Mfano mzuri kuliko yote ni Griffith Stadium, Washington. Upande wa kulia-kati, uzio ulikuwa ukija vizuri halafu ghafla unakatika na kuingia ndani kwa pembe. Kwa nini? Kulikuwa na nyumba kadhaa na mti mkubwa, na wenye nyumba walikataa kuuza. Uwanja ukalazimika kuwazunguka! Ukiona kona hiyo na mti huo, huna haja ya kuuliza zaidi. Uwanja ulibomolewa 1965 na mahali pake pakajengwa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Howard.

RAMANI ZA BIMA YA MOTO

Ukishapata viwanja viwili vitatu unavyovishuku, nenda kwenye ramani za Sanborn. Hii ni kampuni iliyoanza 1867 kuchora miji ya Marekani kwa ajili ya makampuni ya bima ya moto. Inchi moja ya ramani ni futi 50 za ardhini, kila jengo limechorwa. Rangi ya manjano ni mbao, ya waridi ni matofali. Mwenye bima alitaka kujua nini kinaweza kuungua na kiko karibu na nini, na jukwaa la mbao lilikuwa la kuogopwa. Ndiyo maana viwanja vingi vya kale vimo, pamoja na kiwanda cha jirani na kanisa la kona. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka nyingi mtandaoni bure.

Kazi yako ni kulinganisha. Kama kwenye picha bomba la moshi liko kushoto kwa mnara wa kanisa, tafuta kwenye ramani ni mahali gani mtu angesimama ili avione hivyo. Chora mstari. Chora wa pili kwa vitu vingine viwili. Mistari inapokatana ndipo alipokuwa mpiga picha. Vitu viwili vikikubaliana huenda ni bahati. Vikifika vinne bila hata kimoja kupinga, mimi hapo huandika jina. Na kikipinga kimoja tu, kama jengo la matofali ambalo kwenye ramani ya mwaka huo halipo, nasimama mpaka nipate maelezo.

MACHO MENGI

Hakuna anayejua kila kitu. Januari 2008 Maktaba hiyo hiyo ya Bunge iliweka picha kama 3,000 kwenye Flickr na kuomba watu waseme wanachojua. Karibu nusu zilitoka kwa shirika la habari la George Grantham Bain wa New York, na nyingine zilikuwa za besiboli, zikiwa na jina la mtu lililokwaruzwa kwenye kioo na basi. Watu wa kawaida wakaanza kazi: huyu anajua dirisha, yule anajua kofia, mwingine ana gazeti la siku ile. Wahifadhi walihakiki kwanza, kisha wakasahihisha kumbukumbu zao. Mamia ya picha yalipata majina, tarehe na mahali.

PALE AMBAPO HATA KISICHOHAMA KILIHAMISHWA

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike yote haya. Kanuni yangu ya kisichohama ina mahali inaposhindwa.

Mpaka 1947 wachezaji weusi walifungiwa nje ya ligi kuu za Marekani, wakaunda ligi zao. Mara nyingi walipanga viwanja vya wazungu wenyewe wanaposafiri. Homestead Grays, kwa mfano, walicheza Forbes Field ya Pittsburgh na Griffith Stadium ya Washington. Kwa hiyo picha yao ukiipata, uwanja unaweza kuutambua kwa njia nilizoeleza juu.

Lakini Gus Greenlee, mfanyabiashara mweusi wa Pittsburgh, aliamua kujenga wa kwake. Greenlee Field ilifunguliwa 1932 kwenye barabara ya Bedford, mtaa wa Hill District, kwa gharama ya dola 100,000 hivi. Timu yake ya Crawfords ilipitiwa na Satchel Paige, Josh Gibson, Oscar Charleston, Judy Johnson na Cool Papa Bell, wote watano wakaja kuingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa mchezo huo. Ipo picha mashuhuri ya 1935, wamejipanga kando ya basi lao mbele ya uwanja. Miaka mitatu baadaye, 1938, uwanja ulibomolewa kupisha nyumba za serikali. Kisha kuanzia 1956 sehemu ya chini ya Hill District nayo ikavunjwa kupisha ukumbi mkubwa, na watu kama 8,000 wakahamishwa. Makanisa, maduka, pembe za barabara, vyote vikaenda. Utalinganisha na nini?

Ukumbusho uliobaki ni watu. Charles "Teenie" Harris, mpiga picha wa gazeti la Pittsburgh Courier, alipiga mtaa huo kwa miongo minne. Alifariki 1998, na mwaka 2001 jumba la sanaa la Carnegie likanunua negativu zake, karibu 80,000. Nyingi hazikuwa na maelezo. Walichofanya ni kuwaita wazee wa mtaa, wakawaonyesha picha: huyu nani, hapa wapi? Wazee wakataja kinyozi, kona, uwanja. Hakuna ramani ya bima ingejibu hayo yote.

Na haya mambo yana uzito. Desemba 2020 wakuu wa besiboli walitangaza kuzitambua ligi saba za weusi za 1920 hadi 1948 kuwa ligi kuu, na Mei 2024 takwimu zake zikaingizwa kwenye kumbukumbu rasmi. Josh Gibson akawa kinara wa wastani wa upigaji wa maisha, .372. Hesabu hizo zilijengwa kwa kuokoteza mechi moja moja kutoka magazeti ya zamani. Picha yenye mahali na tarehe sahihi ni shahidi. Picha iliyoandikwa tu "watu weusi wakicheza" haimshuhudii mtu yeyote.

Sisi picha za namna hiyo tunazijua vizuri. Ngapi tunazo zilizoandikwa "wenyeji" au "vijana wa Kiafrika", bila jina la mtu wala kijiji?

KWA KIFUPI

- Hakikisha picha haijageuzwa.
- Tafuta mwaka kabla ya mahali.
- Usihukumu kwa jezi wala kwa bango la kampuni kubwa.
- Soma vivuli, halafu funika wachezaji utazame kingo.
- Linganisha na ramani ya mwaka ule ule.
- Chukua maandishi ya nyuma kama neno la shahidi mmoja, na uyahakiki kama mengine.
- Ukipata jibu, andika umelijuaje, siyo jina tu. Atakayekuja kesho apime mwenyewe.
- Na kama yupo mzee aliyekuwepo, acha ramani, nenda kwake leo. Ramani itakungoja, yeye hatakungoja.

Mdau uliyeuliza, skani picha yako pande zote mbili, mbele na nyuma, bila kukata kingo, uilete tuitazame pamoja. Na wengine mwenye la kuongeza au kupinga, uwanja ni wenu.

Alamsiki.